Ndiga Haijui Kama Una Wageni

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka mpaka leo mgongo unaniuma, na wala si uzee, ni ile barabara ya Nkowe. Nasikia na wewe siku hizi unatengeneza programu za simu, na wenzako wanakuhimiza uachie toleo jipya hivyo hivyo, kasoro mtarekebisha mbele ya safari. Mimi shule niliishia mlangoni, mwalimu aliponiona akafunga. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu, basi tulia nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa na pikipiki pale Nachingwea, pikipiki inakohoa kuliko mzee wa ugoro. Ikipita, kuku wa mtaa wa pili wanaacha kutaga. Jirani yangu alikuwa Mwalimu Mchopa, kijana wa hesabu, mwembamba mpaka mvua inampita pembeni. Huyu bwana alikuwa ametunga lugha ya kuiamrisha kompyuta. Wazungu wanaiamrisha kwa Kiingereza, yeye akasema watoto wetu wataiamrisha kwa Kiswahili: andika, jumlisha, gawanya, rudia. Lugha hiyo akaiita Jembe.

Jembe la kwanza lilifanya kazi vizuri, polepole tu kama konokono aliyeshiba. Kwa lugha hiyo Mwalimu akaitengenezea zahanati moja ya upande wa Nkowe programu ndogo. Nesi anaweka kilo za mtoto, kompyuta inamwambia dawa ya maji ampe kiasi gani. Watu wakaizoea, wakaiamini kuliko macho yao.

Basi likaja Jembe la pili, lenye kasi. Siku ya kulizindua ikapangwa. Wageni wakubwa waje, mwalimu mkuu kashona suti, mbuzi kachinjwa, maturubai yamefungwa. Asubuhi nimefika kwa Mwalimu kumchukua nimpeleke shuleni, nikamkuta kakaa mbele ya kompyuta jasho linamtoka, na jua lenyewe bado halijachangamka.

"Saidi," akaniambia, "linadondosha nukta."

Nikamuuliza nukta ndiyo nini, inadondokea wapi, tuitafute. Hakucheka. Akanieleza kwamba Jembe jipya ukiliambia ligawanye, mara nyingi linajibu sawa, halafu ghafla tu nukta katikati ya namba inapotea. Moja na nusu, ambayo huandikwa moja, nukta, tano, inasomeka kumi na tano. Hata mimi mtu wa mlangoni nikaelewa hapo. Ukikopa moja na nusu ukadaiwa kumi na tano, si unahama kijiji?

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza.

"Tunazindua. Wageni wameshafika. Ni kasoro ndogo, nitairekebisha toleo lijalo."

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa nje anapepeta mchele wa wageni. Mama yule mkimya, lakini masikio yake yangeweza kusikia sisimizi akipiga chafya. Akaweka ungo chini, akaja akasimama mlangoni.

"Hiyo kitu ina sumu?" akauliza.

"Mama, si sumu, ni hesabu tu."

"Nimekuuliza, anayeitumia ataumia au haumii?"

Mwalimu akageukia kompyuta. Mwanangu, siri ya mtungi aijuaye kata.

Bi Somoe akamwambia, na sauti hakuipandisha hata kidogo: "Mwaka ule wa njaa mlikula ndiga, kile kiazi mwitu. Unakumbuka? Nilienda kuichimba porini, nikaimenya, nikaikatakata, nikailoweka mtoni. Nyinyi mnalia. Kaka yako kanishika kanga, mama tupikie, mama tupikie. Jirani akaja na wageni wake wana njaa, naye akanihimiza. Ningewapikia siku ile mngeshiba vizuri sana, na asubuhi msingeamka. Ndiga haijui kama una wageni, baba. Inataka maji mpaka sumu itoke. Na hata ilipoiva, nani alianza kula?"

"Wewe, mama."

"Mimi peke yangu, nyinyi mnaniangalia. Ndivyo tulivyofundishwa, aliyeiloweka ndiye anaanza. Wewe hii ya kwako umeianza?"

"Nitairekebisha toleo lijalo, mama."

"Na mtu wa leo, atakula ya leo au ya hilo lijalo?"

Hapo Mwalimu akainuka, kiti kikaanguka. Nikadhani kakasirika. Kumbe uso umebadilika rangi, kawa kama majivu. "Saidi," akasema, "zahanati nimeshawapelekea. Sidii yenye Jembe jipya nimempa dereva wa lori la ufuta, kaondoka alfajiri."

Tukapiga simu. Nani atapokea? Mtandao wa kule siku zile mpaka upande kichuguu, tena kichuguu chenyewe kina nyoka. Mganga wa zahanati alikuwa kaenda semina, kamwacha nesi mgeni, binti wa kutoka Singida, ndiyo kwanza kaletwa. Huyo angeiambia nini kompyuta? Angeitii tu.

"Wageni je?" nikamuuliza.

"Washa pikipiki!"

Mwanangu, nimeendesha siku ile mpaka kivuli chetu kikabaki nyuma kinatuita. Mwalimu mkuu tulimpita getini na suti yake, kainua mkono, "We Mchopa! Mchopa unakwenda wapi?", akala vumbi lote la Nachingwea. Tukipanda mlima pikipiki inazima, tunaisukuma, tunaidandia tena. Mimi kawaida yangu njiani naimba. Siku ile ulimi ulikuwa umekauka. Nyuma yangu namsikia Mwalimu anasema peke yake: "Asiiweke. Ee Mungu, asiiweke." Tulipolikuta lile lori limeegeshwa kwenye kibanda cha chai, limeshageuza linarudi, nikafunga breki. Dereva akatuambia kwa furaha, mdomo umejaa chapati: "Nimefikisha! Nesi kafurahi huyo!"

Tulipofika hatukuzima hata pikipiki, niliiangusha tu. Ndani kuna bibi mmoja kampakata mjukuu wake ana homa, na nesi kashika kikombe cha dawa kimejaa. Kompyuta inawaka, kumi na tano imekaa hapo inametameta. Na mtoto yule, mwanangu, alikuwa kabana meno kama kobe kaona moto! Nesi anabembeleza, bibi anamfinya pua, katoto hakataki.

"Usimpe!" Mwalimu alipiga kelele mpaka popo wakatoka darini.

Bibi akageuka. "Nyie wendawazimu wa wapi? Nusu saa nzima tunahangaika na huyu, ndiyo kafungua mdomo!"

Kweli alikuwa ndiyo kwanza kafungua. Mwalimu akakichukua kile kikombe mkononi mwa nesi, akamwaga dirishani, halafu akakaa sakafuni. Akamwomba nesi msamaha, akamwomba bibi msamaha, akamwomba na mtoto. Bibi akasema, "Mwalimu mzima unalilia dawa?" Hakuelewa mpaka nesi alipomweleza. Akamkumbatia mjukuu wake.

Tukarudisha Jembe la kwanza kwenye ile kompyuta, mtoto akapewa dawa yake sawasawa. Tuliporudi Nachingwea maturubai yameshafunguliwa, wageni wamekula mbuzi wakaondoka. Mwalimu mkuu alimnunia Mwalimu mpaka ufuta wa mwaka uliofuata. Mjini wakamcheka, wakamwita Bwana Nukta. Yeye akajifungia na kazi yake. Kila hesabu aliifanya kwanza kwa Jembe jipya yeye mwenyewe, kisha kwa la zamani, kisha kwa kalamu, akalinganisha. Lilipotoka, lilitoka bila turubai wala suti, na halikudondosha kitu.

Sasa sikiliza ninachokuambia. Kasoro ya kazi yako wewe ndiye unaijua wa kwanza, na pengine wewe peke yako. Usiite ndogo kabla hujamuuliza atakayeimeza. Kuahirisha ni aibu, sikatai, lakini aibu ya kuchelewa inaisha watu wakipata jambo jingine la kucheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta hazijengeki tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye, basi waache wenzako wanune leo. Waambie, bado. Neno dogo hilo, lina uzito kuliko gunia la korosho. Itumie kazi yako wewe kwanza, ikikuuma ikuume wewe. Na usije ukaishi kwa kutegemea ukaidi wa mtoto wa watu, maana siku nyingine mtoto atakuwa msikivu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wepesi wa kutengeneza na uzito wa kuachia. Akuepushe na makofi yanayokuja kabla ya wakati wake. Na kila atakayeishika kazi ya mikono yako, hata kama hamtajuana milele, alale salama na aamke salama. Amina.