Radhi Niliyoomba Bila Kutumwa

Mwanangu, waliokuwepo asubuhi ile nawakumbuka wote. Alikuwepo Bwana Masanja, mshauri wa wanafunzi pale chuoni, amekaa nyuma ya meza yake. Alikuwepo Bi Zuwena, katibu wake. Alikuwepo Bibi Nyamizi, jirani yetu wa mtaa wa Ng'ambo, niliyemwomba anisindikize kwa kuwa ana mvi na watu humsikiliza. Nje, kwenye benchi, alikaa msichana wa mwaka wa pili aitwaye Rehema, daftari mapajani. Na nilikuwepo mimi, nimepiga magoti. Mdogo wangu Shija, ambaye jambo lenyewe lilikuwa lake, hakuwepo, wala hakujua kwamba nimekwenda.

Umechaguliwa juzi kuwa kiongozi wa wanafunzi, ukaja kuniuliza viongozi wa namna hiyo hubadilishaje mambo chuoni. Umemwuliza mtu aliyeacha shule kidato cha pili! Nitakueleza nilichokiona, ingawa sehemu yake sijaielewa mpaka leo.

Wazazi wetu walipofariki, mkubwa nilikuwa mimi. Nikaacha shule, nikashika cherehani ya mama, nikawalea wadogo zangu watatu. Njia yangu ya kuwalea ilikuwa moja tu: kuwahi kuomba radhi. Shija akichelewa shuleni, mimi niko kwa mwalimu mkuu kabla hajaulizwa. Mbuzi wetu akila mahindi ya mtu, niko mlangoni kwa mwenye shamba, kuku mkononi. Watu wakasema nina adabu, wakatusaidia. Shija alipofika chuo kikuu, hapa hapa Tabora, niliamini ni magoti yangu yaliyomfikisha.

Mwaka wake wa pili wakamchagua Waziri wa Malazi katika serikali ya wanafunzi. Mtaani wakaanza kunitania, "Shikamoo, mama waziri!" Nilicheka nao, lakini kazi ya waziri huyo sikuijua.

Bomba la bweni la wasichana lilikuwa likitoa maji siku linapotaka. Kiangazi chote wasichana walibeba ndoo alfajiri kwenda kisimani, upande wa pili wa reli, na mmoja wao alianguka akavunjika mkono. Mimi nilidhani waziri atakwenda kwa wakubwa, atapiga meza, na maji yatatoka. Kumbe Shija anashinda vikaoni.

"Mmefikia wapi?" nikamuuliza siku moja.

"Tumeandika barua ya tatu, dada."

"Tatu? Hao wakubwa zenu hawajui kusoma?"

Akacheka. "Ya kwanza hawakujibu. Ya pili wakatuambia tulete ushahidi. Sasa tunao, tumeupeleka na hiyo ya tatu."

Ushahidi wenyewe ulikuwa daftari lililofungwa kwa kamba kando ya bomba. Msichana akikuta maji anaandika saa na kutia sahihi. Akikosa, anaandika vilevile. Rehema ndiye aliyelitunza. Kila Jumamosi Shija alilisoma mbele ya wanafunzi, na palipokosewa walimsahihisha hapo hapo. Uongozi wa chuo ukawapangia kikao Alhamisi saa nne. Mimi nikaona ni mchezo wa watoto. Mtu kachaguliwa, kaitwa waziri, halafu nguvu yake yote ni daftari bombani?

Jumatano mteja wangu mmoja, akisubiri gauni lake, akaniambia, "Wewe hujasikia? Mdogo wako anaandaa mgomo. Hao huwa wanafukuzwa." Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Nilimwona Shija anarudi nyumbani na begi lake, miaka yote ile imepotea. Sikumuuliza yeye. Nilichukua dumu la asali aliyotuletea mjomba kutoka Ipole, nikaenda kumgongea Bibi Nyamizi.

Alhamisi saa mbili tulikuwa ofisini, dumu la asali nimeliweka mezani.

"Mzee wangu, huyu ni yatima," nikamwambia Bwana Masanja. "Kama amekosa, nimekosa mimi niliyemlea." Bibi Nyamizi akaongeza ya kwake, kuhusu ujana na damu kuchemka.

Bwana Masanja akaniinua. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani hata alipata ahueni. "Basi, mama, yameisha. Nitawaeleza wakubwa kwamba vijana wameomba radhi na jambo limefungwa." Akamwagiza Bi Zuwena aandike hivyo na kufuta kikao.

Nilitoka nimefurahi, mwanangu. Nisikufiche.

Pale nje Bi Zuwena akamwambia Rehema, "Kikao hakipo. Dada yake Waziri ameshawaombea radhi."

Rehema akasimama, akanitazama. "Shikamoo, dada. Umetuombea radhi kwa kosa gani?"

"Marahaba," nikasema, nikamshika Bibi Nyamizi mkono tukaondoka.

Shija alikuja mchana. Nilikuwa nimepika wali. Hakuukaribia.

"Nani alikutuma, dada?"

"Mimi ndiye niliyekulea."

"Umenilea mimi. Wale wasichana hukuwalea. Walinipa kura niseme waliyoniambia, na wewe umekwenda kusema ambayo hawakuyasema."

Wanafunzi walimzomea, "Waziri wa asali! Kalambishwa huyo!" Angeweza kunitaja. Badala yake alisimama mbele ya bunge lao akasema, "Aliyekwenda ni mtu wa nyumbani kwangu, kwa hiyo kosa ni langu." Wakamwondoa kwa kura, wakamweka Rehema. Rehema akaanza upya, maana ofisini walimwambia jambo la zamani lilishafungwa. Barua ya nne, daftari jipya. Wasichana wakabeba ndoo kiangazi kingine kizima.

Tangi la maji la bweni lilijengwa Rehema akiwa amebakiza mwezi mmoja kuhitimu. Nimejiuliza mara nyingi kilicholileta ni nini. Daftari? Mkuu mpya aliyekuja mwaka ule? Au kuchoka kusoma barua za Rehema? Shija anasema ni vyote. Mimi bado nachanganyikiwa, kwa sababu magoti ndiyo yaliyotulisha, na magoti hayo hayo ndiyo yaliyowanyima wasichana wale maji.

Kwa hiyo nakuusia hili, mwanangu. Usiseme neno ambalo waliokuchagua hawajakupa, hata likiwa tamu. Kila utakaloambiwa na wakubwa, rudi uwasomee wenzako, wakusahihishe. Andika, na uvumilie kuonekana mchoshi. Na nyumbani usikae kimya. Kaa na wanaokupenda uwaeleze unafanya nini na kwa nini kinachelewa, wakuulize maswali ya kijinga kama yangu, uwajibu. Laiti Shija angenieleza zaidi; laiti ningeuliza.

Mungu akulinde katika nafasi hiyo, akupe ulimi mkweli na mgongo usiovunjika haraka. Waliokuchagua wakukumbuke kwa wema.

Mimi nimebaki na deni. Shija alinisamehe zamani. Lakini mbele ya wasichana wale sijawahi kusimama. Rehema anafundisha Nzega, si mbali. Mara mbili nimefika stendi nikarudi. Nimeomba radhi maisha yangu yote kwa makosa ya wengine, na hili ambalo ni langu mwenyewe sijui nilianzeje.