Mkeka Wenye Sindano

Siku ile naikumbuka, mjukuu wangu, mpaka vidole vyangu hivi vinaanza kuchezacheza vyenyewe. Nilikuwa nimeposwa, hapa hapa Mohoro, na harusi ilikuwa imekaribia.

Kwetu wakati ule kila binti aliingia kwa mumewe na mkeka alioushona kwa mkono wake. Basi mimi, kwa mdomo wangu huu usiojua kupumzika, niliwatangazia wenzangu kwamba wangu utakuwa mkubwa kuliko yote waliyowahi kuiona, wifi zangu wakae na nafasi ibaki. Nikaanza kwa moto kweli kweli!

Mkeka unajua unavyoanza: unasuka kwanza ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, kisha unashona ukili kwa ukili. Nikasuka mwekundu, ukapendeza hata nikacheka peke yangu. Akaja jirani na wake wa madoadoa. Nikauviringisha mwekundu, nikautupa kapuni, nikaanza wa madoadoa. Kwenda sokoni nikauona mpana wa zambarau, lo, roho ikaruka! Nikaanza wa zambarau. Niliipenda mno ile raha ya kuanza, na kusema kweli bado naipenda.

Shangazi yangu, Bi Mwanahawa, akaja kutoka Ngorongo kusaidia shughuli. Hata maji hajanywa, akauliza, "Mkeka uko wapi?" Nikamletea kapu limefura, huku najivuna. Akazimwaga kili zote sakafuni, akazipanga ubavu kwa ubavu. Huu mwembamba, huu mpana, huu umeishia njiani.

"Haya, mke wa mtu, zishone."

"Hazishonani, shangazi. Hazilingani upana."

"Kumbe wajua! Sasa siku ya harusi utakalia kapu?"

Nikacheka, halafu nikalia, maana niliona wazi kwamba nitaingia kwa watu mikono mitupu na maneno yangu yote yamenitangulia. Shangazi hakunibembeleza. "Chagua mmoja," akasema. "Hizo nyingine nakwenda kuzificha, na wala usinifuate."

Nilichagua ule mwekundu wa kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa umefika mbali. Nikasuka nikichungulia chungu jikoni, nikasuka nikipiga soga na shoga zangu, nikasuka hata wakati nasingwa liwa, ule msio wa kunukia wa bi harusi. Jirani akapita na mtindo mwingine, mzuri jamani, nikageuza shingo! Asubuhi ya harusi bado nashona upande huu, shangazi upande ule, na ngoma tunaisikia inakuja. Mkubwa? Wala. Uliwatosha watu wawili. Lakini ulikuwa mkeka.

Babu yako alipokaa tu, akaruka juu kwa ukelele: sindano nilikuwa nimeisahau pembeni! Wifi zangu walicheka mpaka wakashika kuta. Nami nilijawa na furaha ambayo ile ya kuanza haiifikii hata nusu.

Sasa jana umenipigia simu toka Kibiti, sauti imechangamka, kwamba mafunzo ya ushonaji yamebaki kidogo lakini unataka kuyaacha ukafungue saluni, kwa sababu shoga yako kafungua. Saluni ni nzuri, sikatai. Ila maliza cherehani kwanza, mwanangu. Ulichokichagua kiweke pale unapokiona kila ukiamka, na hayo mengine mpe mtu akufichie. Siku ukichoka, fanya kidogo, mradi uwe ukili ule ule. Na kikitoka kidogo kuliko ulivyotangaza, usione haya, kwani kitakuwa kimekwisha na ni chako.

Mwenyezi Mungu avitie nguvu vidole vyako, aitulize shingo yako isigeukegeuke, akufikishe mwisho wa ulichoanza. Na gauni la kwanza utakalolishona ni langu. Nitalivaa siku hiyo hiyo, hata kama sindano bado imo.