Kiburu Kisicho na Magadi

Nimechoka, na uchovu wangu haukuanza jana. Kabla sijajua naumwa nini, nilikuwa nikipanda kutoka barabarani hadi kwa mama, Uru, nikisimama kila penye mgomba wa kuegemea. Majirani walidhani nimekuwa mpenda salamu.

Zahanati walinipima presha mkono wa kushoto, wakasema iko chini. Kwa mama hilo lilikuwa na maana moja tu: nimeishiwa damu. Huku kwetu mtu wa namna hiyo hulishwa. Akanipikia kisusio, supu ya damu ya mbuzi, na kiburu, yaani ndizi na maharage, vikalainishwa kwa magadi na kutiwa chumvi ya kutosha. Nilimaliza kila sahani. Miguu ikavimba hadi viatu vikagoma kuingia, na kulala chali kukanishinda kwa kukosa pumzi.

Tukashuka Moshi mjini. Daktari alinishika mkono mmoja, kisha mwingine, akarudia wa kushoto. Mapigo hayakuwepo. Mkono wa kulia presha ilikuwa juu sana. Akanieleza kwamba kuta za mishipa yangu mikubwa ya damu zimevimba, na mshipa wa mkono wa kushoto umekaribia kuziba, ndiyo maana kipimo cha kwanza kilidanganya. Kwa wachache, alisema, ugonjwa huu huufikia moyo. Vali yangu kwenye mlango wa mshipa mkuu haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Huenda nikapasuliwa, lakini kwanza mishipa itulie na maji yapungue mwilini. Dawa, na chakula bila chumvi wala magadi, maana vyote viwili huzuia maji mwilini.

Nilikasirika kuwa mmoja wa hao wachache, kisha hata hasira ikanichosha.

Mama alisikiliza yote. Tulipofika nyumbani akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, ni sufuria yangu iliyokujaza maji?"

"Ugonjwa haukutoka jikoni, mama."

Ni kweli, ila si yote.

Jioni alileta kiburu kisicho na ladha, maharage magumu. Nikachungulia sahani yake, ni kile kile. Nikamwambia ajipikie chake, yeye si mgonjwa.

"Nitajuaje kama kinalika, nisipokila?"

Akaendelea kutafuna, polepole, upande mmoja. Mama amebakiwa na meno machache, na magadi ndiyo yaliyokuwa yakimlainishia chakula.