Siku Turbo Ilipongojwa Maryland

Sifa zote ni za Mungu aliyeumba joto na baridi, akaifanya mvua ya kwetu kuwa maji na ya wengine kuwa unga mweupe. Yeye ndiye aliyenilinda mimi mzee wa miaka sabini na mmoja, nikaenda mbali nikarudi bila kupoteza hata fimbo yangu. Kwa jina lake nawasimulia ninyi wa nyumbani safari yangu ya Amerika, kwa kuwa kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake, na nimechoka kuianza upya kila nikipita sokoni.

Sababu ya kuondoka ilikuwa mwanangu Barasa, yule fundi wa injini. Alikuwa ametimiza miaka minane huko Maryland, kando ya Washington, na muda huo wote niliuona uso wake kwenye picha tu. Alinitumia tikiti. Wiki tatu kabla ya safari akanipigia simu katika ofisi ya shule, laini ikikwaruza, maneno yakija na kupotea.

"Baba, usichelewe," nilimsikia akisema. "Huku watu wote wanaingoja Turbo. Mkubwa wangu ametangaza mpaka kwenye gazeti."

Kisha simu ikakatika.

Sasa nauliza, ninyi mnaoishi katika mji huu wa Turbo, mngeelewa nini? Nilielewa kwamba Wamarekani wamesikia habari zetu na wanatungoja. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatangaza. Mnajua desturi yetu: mgeni akifika kwa watu, husimama akatoa salamu za huko alikotoka, na ole wake akizisahau za mtu. Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili, na kila mtu akaniletea salamu zake. Mama Tabitha aliagiza niseme tumevuna vizuri. Fundi wa cherehani aliagiza nichukue vipimo vya suti, kama wako watu wanene ambao madukani hawapati za kuwatosha. Daftari likajaa, zikabaki kurasa mbili tu za mwisho.

Jumatatu asubuhi niliombewa nikapanda basi la Nairobi, na usiku ule nikaruka. Ndani ya ndege nilimshukuru Mungu kwa kila chakula walicholeta, hata kile ambacho sikukitambua. Tulibadilisha ndege Uholanzi. Asali niliyombebea Barasa ilizuiwa huko kwenye ukaguzi, ikabaki mikononi mwa afisa mmoja mwenye adabu nyingi. Daftari nililishika mwenyewe.

Jumanne jioni tulitua upande wa Virginia. Barasa alikuwa mlangoni pamoja na mkewe Rispa, ambaye kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee. Mwanangu ameota mvi mbili tatu. Tulishikana mikono muda mrefu. Rispa ndiye aliyetutoa pale.

"Baba, livae koti hili sasa hivi," alisema. "Mkilia huko nje machozi yataganda."

Tulipita barabara kubwa inayozunguka jiji lote, magari safu nne kwenda na safu nne kurudi, kila moja na mtu mmoja ndani. Tulifika kwao Hyattsville, ghorofa ya pili, nyumba ndogo yenye joto. Tuliimba wimbo mmoja, nikaomba, tukala ugali.

"Jumamosi ndiyo siku yenyewe," Barasa aliniambia. "Watu watajaa."

"Nimejiandaa," nikamjibu. "Nimeandika kila kitu."

Alinitazama kidogo, akaniwekea mto mwingine. Nadhani alifikiri ni uchovu wa ndege.

Ijumaa asubuhi alinipeleka kazini kwake, Riverdale Park, kwenye barabara kuu inayopita katikati ya mji ule mdogo. Ni duka la pikipiki na mashine za kukatia nyasi, na nyuma yake kuna gereji. Barasa alishuka akaingia gereji. Mimi nikabaki nje, kwa sababu nilikuwa nimeinua macho. Juu ya mlango palitundikwa kitambaa chekundu, kirefu kama ukuta wa darasa, na juu yake kwa herufi nyeupe pameandikwa kwa Kiingereza kwamba Turbo inakuja.

Nilivua kofia. Nasema kweli, machozi yalinitoka.

"Shikamoo, mzee wangu," sauti ilisema nyuma yangu. "Kulikoni? Baridi?"

Alikuwa Hamadi, Mzanzibari anayetunza stoo ya vipuri. Barasa alikuwa amenitajia habari zake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Si baridi. Sikujua mngetufanyia makubwa namna hii. Ningekuja na kwaya."

Hamadi alinitazama mimi, akatazama kitambaa, akanitazama tena. "Mzee, wewe watoka mji gani vile?"

"Turbo."

Aliketi juu ya sanduku la vipuri. Mungu amlipe, kwa kuwa hakucheka. Alinipa kiti, akanieleza polepole kama mtu anayemweleza baba yake. Turbo yao ni kifaa cha injini. Moshi unaotoka huzungusha feni, na feni husukuma hewa ndani kama mvukuto wa mhunzi, injini ikapata nguvu maradufu. Kinachokuja Jumamosi ni pikipiki ya theluji, mpya kabisa, ya kwanza yenye kifaa hicho kuletwa katika duka lile. Haina magurudumu. Mbele ina vyuma viwili vya kuteleza, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka.

"Na watu wanaitaka sana?" nikauliza.

"Wanaiota, mzee. Wale wa milimani magharibi wamepiga simu tangu Oktoba. Lakini mwenye kuitaka zaidi ni mwanao."

Hapo ndipo nilipojua lililokuwa likimnyima Barasa usingizi. Majira ya baridi nyasi hazikui, na mashine za nyasi haziharibiki. Kila mwaka mwenye duka, Bwana Walta, humpumzisha fundi mmoja hadi majani yaote, na mwaka huu zamu ilimwangukia Barasa. Yeye akamwomba walete pikipiki za theluji ili gereji iwe na kazi. Bwana Walta alikubali kwa sharti: wanunuzi waje Jumamosi waione, waitake. Wasipoitaka, inarudishwa, na Barasa anakwenda nyumbani.

Nilimwonyesha daftari la salamu, kisha nikalitia katika mfuko wa ndani wa koti. "Usimwambie Barasa nilivyodhani," nikasema.

"Wallahi sitamwambia," akajibu. "Lakini salamu hizo zimebebwa mbali, mzee. Ni vibaya zirudi bila kufunguliwa."

Jumamosi tuliamka tukakuta Mungu ameifunika Hyattsville yote. Magari yalikuwa vilima, na miti imevaa kanzu. Niligusa theluji kwa kidole, nikaionja, haina ladha. Barasa alifurahi kama mtoto. "Baba, hii ni ishara," alisema. Rispa alibeba ndoo ya mandazi ya moto, tukaenda taratibu.

Saa nne asubuhi viti thelathini vilikuwa vimejaa. Walikuwa wanaume kwa wanawake wa milimani, wenye viatu vizito na makoti ya rangi kali, waliolala njiani ili wasikose. Mbele yao palikuwa na jukwaa la mbao, na juu ya jukwaa hapakuwa na kitu. Simu ikalia. Bwana Walta, mtu mrefu wa maneno machache, alisikiliza, akaiweka chini. Lori lililobeba pikipiki ya theluji lilikuwa limekwamishwa na theluji.

Walisema lingechelewa kwa muda wa saa moja. Saa moja ikapita. Mandazi yakaisha. Mtu mmoja mwenye ndevu akafunga koti akasimama, na mwenzake akasimama. Bwana Walta akamvuta Barasa kando, karibu na nilipoketi, na ingawa alinong'ona nilielewa.

"Hawa wakiondoka, inarudi na lori lilelile," alisema. "Na sisi tutaonana nyasi zikiota."

Barasa alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa safi.

Hapo Hamadi akapanda jukwaani. Akasema kwa Kiingereza cha kujiamini kwamba mabwana na mabibi wasiondoke, kwani Turbo ilifika tangu Jumanne. Tazameni, imekaa pale, imevaa kofia. Akanyoosha mkono kwangu.

"Hamadi, unafanya nini?" Barasa akauliza kwa Kiswahili.

"Namkaribisha mgeni wa heshima. Mzee, salamu."

Nilitazama ule mlango ambao watu walitaka kuutokea, nikamtazama mwanangu. Nikasimama, nikatoa daftari.

"Mimi natoka mji wa Turbo, Kenya," nikasema, na Barasa, akiwa amepigwa na butwaa, akatafsiri. "Mwanangu aliniambia mnaingoja Turbo. Nikadhani ni sisi. Nimesafiri siku mbili kuwaletea salamu, na jana nikaambiwa mnangoja mashine."

Yule mwenye ndevu akacheka hadi akaketi, na wote wakacheka, na mimi pia. Barasa alitafsiri huku anajifuta macho. Nikasoma. Nilisoma salamu za Mama Tabitha, na mkulima mmoja akauliza tulivuna magunia mangapi. Nilisoma za fundi wa cherehani, na mtu mmoja mnene akainua mkono apimwe. Nikasoma za watoto wa shule ya Jumapili, jina kwa jina.

"Hiyo Turbo yenu inakwenda kasi gani?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Turbo haina haraka," nikajibu. "Lakini inafika."

Hakuna aliyeondoka. Nilikuwa ukurasa wa ishirini na sita lori lilipopiga honi nje, na wakaniomba nimalize kwanza.

Waliishusha, nyeusi yenye mistari ya kijani, na watu wakaizunguka kama bibi arusi. Barasa aliinamia injini. Kabla hajagusa kamba alinitazama. Niliomba kwa kifupi: kwamba Bwana abariki mikono iliyofanya kazi. Alivuta kamba mara moja, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Mara ya tatu ikaitika kwa sauti iliyotikisa madirisha, na mluzi mwembamba ndani yake, ile feni ikizunguka. Bwana Walta alianza kuandika majina ya wanaoitaka, akageuza karatasi, akaendelea upande wa pili. Alipomaliza alimwambia Barasa, "Jumatatu saa mbili. Na Jumatatu zote zinazofuata."

Alasiri Barasa alinipakia nyuma yake tukazunguka uwanja wa duka. Nilishika kofia kwa mkono mmoja na mwanangu kwa mwingine.

"Watu wa bara mkipewa chombo hamshuki," Hamadi alinitania kila nilipopita.

Wiki ya tatu niliagana nao. Kwenye uwanja wa ndege Hamadi alinikabidhi furushi: kile kitambaa chekundu, zawadi ya Bwana Walta. Na Barasa alinirudishia daftari, ambalo siku ile lilizunguka mkono kwa mkono bila mimi kujua. Zile kurasa mbili tupu za mwisho zilikuwa zimejaa mwandiko wa watu wa milimani, wakiisalimu Turbo.

Mlinisikia Jumapili niliporudi, nikizisoma moja moja mbele ya kanisa, na yule fundi wa cherehani akinakili vipimo vya yule mtu mnene. Kitambaa mnakiona ukumbini. Mgeni akikiuliza, mwambieni ni kweli, Turbo inakuja.

Nililojifunza ni hili: nilikosea kusikia, na Mungu akalitumia kosa langu lilivyo. Sikuwa ndiye niliyengojwa, lakini nilipoitwa nilikuwa na cha kusema, kwa sababu ninyi mlikiandika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo. Akupe kwako mtu wa kukungoja, na popote ufikapo akupe salamu mkononi.