Njia yangu ya mawe meupe

Leo mgeni wangu wa kwanza amekanyaga mchicha wangu ili asikanyage njia!

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, hakuna anayekuja kwetu.

Basi nikalima tuta la mchicha, nikachonga njia hadi mlangoni, nikapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa. Jana nilimaliza.

Asubuhi jirani yetu, Mama Zaina, akasimama barabarani na boga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hapa pamekuwa ofisi? Naogopa kukanyaga!"

Nilitaka kusema, "Pita tu, mama." Sauti ikagoma. (Ndivyo nilivyo.)

Akavua kandambili, akapita juu ya tuta, akaliweka boga mlangoni, akaondoka.

Mchicha nimeuinua.

Niambieni: niisugue chokaa itoke, au kesho nisimame barabarani niseme karibu?

Kusugua naweza.