Wake Wenza wa Chombo cha Anga

Mama yangu, Gulshan, alifika Scarborough, huku Toronto, kutoka Tanga na cherehani yake na Kiingereza cha kuombea maji. Alipata kazi ya kupinda suruali kwenye duka la dobi, na kwa miaka ishirini alijua urefu wa miguu ya mtaa mzima bila kujua majina ya wenyewe. Anasa yake ilikuwa moja: Jumamosi mchana, tamthilia ya zamani ya watu wanaosafiri kati ya nyota. Mkalimani nilikuwa mimi, Sabika, kitinda mimba wake, na Kiswahili changu kilikuwa na viraka vingi.

Mwaka 2003, nikiwa na miaka kumi na sita, walirudia kipindi kimoja cha wanawake wawili, rubani na daktari wa chombo. Daktari anaambukizwa ugonjwa wa sayari ngeni, anafungiwa kwenye chumba cha vioo, na rubani anaweka kiganja kwenye kioo mpaka mwenzake anakata roho. Mama akauliza hawa ni nani kwa nani. Nilijua, maana moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikatafuta neno, nikaunga "mke" na "mwenza" kwa akili zangu za Toronto, nikasema, "Ni wake wenza, Mama."

Mama alistaajabu. Wake wenza wanaopendana namna ile hakuwahi kuwaona, na shangazi yake alikuwa naye mmoja aliyemtosha kwa fujo. Akamngoja mume atokee, hakutokea. Tangu hapo kila alipopatanisha majirani aliwatolea mfano wa wale wawili. Sikumsahihisha. Ningemsahihisha, angeuliza, na maswali yangefika kwangu.

Kufikia 2014 magoti yalikuwa yamemshinda, ameacha kazi. Mimi nilikuwa nikiishi Parkdale na Aleena, mwaka wa nne huo, na kwa Mama aliitwa "yule mnayechangia naye nyumba". Nilikuwa nimeapa kumwambia kabla ya Idi. Kila nilipokwenda nilirudi na bakuli la biriani, na siri yangu vilevile.

Nikaazima kipindi kile maktaba, tukakitazama tena. Nilikikumbuka kikubwa; kumbe ni dakika chache za woga. Waliokitunga hawakuthubutu kuwapa wale wanawake hata busu moja. Wakawapa kioo, kisha wakamuua mmoja, kama walivyozoea kutufanyia siku zile. Nilikasirika, na bado nikalia.

"Na mume wao mpaka leo hajafika," Mama akasema.

"Hakuna mume, Mama. Nilikosea neno. Walikuwa wao kwa wao."

Akazima televisheni. Akaniuliza, taratibu, kama ndivyo tulivyo mimi na Aleena. Nikasema ndivyo. Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Mama yake anajua?"

Nikamwambia anajua, tangu mwaka wa kwanza. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Kwamba mwanamke mwingine aliaminiwa na yeye hakuaminiwa, hilo ndilo lililomchoma, na alinieleza hivyo bila kunipunguzia. Nilimwomba radhi. Alinyoosha mkono akataka simu.

Mama yake Aleena, Bi Zebunissa, ni Mwismailia wa Kisumu anayekaa Mississauga. Walikuwa hawajawahi kuzungumza. Mama alimsalimu, akajitambulisha ni mama yake nani, akamuulizia afya na watoto mmoja mmoja. Kisha akakaa wima kwenye kochi na kujitanda mtandio vizuri, ingawa hakuna aliyemwona ila mimi.

"Dada yangu, mtuwie radhi," akasema. "Ilikuwa tuje kuposa, na tumechelewa miaka minne. Mtoto wetu hakutuambia."