Maoni ya Watu Juu ya Maiti Aliyecheka

Maoni ya kwanza kabisa kuandikwa kuhusu filamu yetu yalikuwa maneno mawili tu: "Maiti anapumua."

Niliyasoma nimesimama mlangoni mwa ukumbi pale Buzuruga, watu bado wanatoka, nikahisi damu inanipanda kichwani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Miezi saba nimeandika, nimeelekeza, nimehariri mpaka macho yamevimba, halafu mtu anakaa bure, anakunywa soda yangu, anaandika maiti anapumua! Nilitaka nimfuate nimuulize kama yeye anaweza kulala dakika kumi bila kuvuta pumzi. Mama akaninyang'anya ile karatasi, akaisoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Maiti mwenyewe alikuwa yeye.

Sikupanga awe yeye. Ilikuwa filamu ya mauaji, lakini ya kuchekesha. Mama mmoja tajiri, mwenye mitumbwi ya uvuvi, anakutwa amekufa mezani mbele ya sahani yake ya samaki aina ya sato. Wote waliokuwamo nyumbani wanashukiwa, kuanzia mkwe mpaka mpishi, na mpelelezi ni mgambo mstaafu anayeogopa maiti. Tulipigia picha nyumbani kwa wazazi wangu, Kisesa, ukishapita njia ya kwenda Bujora, kwa sababu ua ni mpana na mama alikubali kutupikia. Dada mmoja mwigizaji aliyepangwa kuwa maiti alipoona shuka jeupe na pamba za kuweka puani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Samahani. Mimi sijichurii."

Kwetu hilo si neno dogo. Ukifanyia kifo mchezo, umekiita kije. Wanaamini hivyo hata wanaokaa benchi la mbele kanisani. Nikamfokea yule dada, naye akachukua mkoba wake akaondoka zake. Tukabaki tumeduwaa, jua linazidi kusogea. Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga.

"Leteni hilo shuka," akasema. "Tangu nimeolewa sijawahi kupata nafasi ya kulala mchana."

Baba alikuwa zizini. Alipoambiwa, hakupandisha sauti. Alisema huo ni uchuro, na kwamba hiyo picha yetu yeye hataitazama hata siku moja. Nikamjibu kwamba hizo ni imani za zamani. Kusema kweli sikuwahi kumsikiliza baba; tangu utotoni akisema kulia, mimi kushoto.

Sasa, kuna mahali mgambo anainama kusikiliza kama marehemu anapumua, anapatwa na woga, anazimia juu yake. Hapo mama alishindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, tumbo likatikisika chini ya shuka, kisha jicho moja likafunguka kuangalia kama tumemwona. Tulianguka chini kwa kucheka, mpiga picha na kamera yake. Wakati wa kuhariri nilikiacha kicheko kile makusudi. Nikasema potelea mbali, hii si kesi ya mahakamani.

Tuliionyesha mara mbili ukumbini, tukagawa karatasi watu waandike maoni bila majina, kisha nikaiweka mtandaoni. Watu wana midomo, jamani! "Sauti inakwaruza." "Mgambo ni mjomba wangu kabisa, na yeye mwoga hivyo hivyo." "Steringi ni maiti." Hiyo ya mwisho, kwamba yeye ndiye mhusika mkuu, mama aliikariri. Ukimtuma kitu anakuuliza, unamtuma steringi?

Miezi minne baadaye alianguka jikoni, asubuhi, sufuria ya uji ikiwa motoni. Daktari alisema ni presha, na kwamba ilikuwa imekaa naye muda mrefu bila sisi kujua. Mchana huo huo akafariki.

Msibani hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Walikuwa wananyamaza nikipita. Shangazi peke yake ndiye aliyesema, tena akiwa anachambua mchele, hata hakuniangalia: "Mtu amelazwa kwenye shuka la maiti akiwa mzima. Mlitegemea nini?" Mimi ambaye sina dogo, siku hiyo nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Siku ya kuzika alikuwepo mtani wetu, Mzaramo mmoja anayeuza vitenge sokoni. Mtani msibani ana ruhusa yake. Anaweza kumsema marehemu, anaweza kukalia jeneza, na hakuna wa kumkasirikia. Tulipokuwa tunapita kuaga, akasimama kichwani kwa mama, akanyoosha mkono. "Angalieni vizuri kabla hamjafunika! Huyu tulishamwona anapumua!"

Watu wakacheka. Kicheko cha msibani kimechanganyika na kilio, hujui kipi kinaanza. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka huku nalia. Baba akainuka kwenye kiti chake akaenda kusimama peke yake nyuma ya nyumba. Tuliporudi kutoka makaburini alinipita pale uani, akasema neno moja tu.

"Ifute."

Baada ya hapo hakunisemesha. Nikienda Kisesa nasema shikamoo, anaitikia marahaba, kwa sababu kutomwitikia mtoto ni kumlaani, na baba si mtu wa kulaani. Lakini hiyo marahaba ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Nitamchotea maji, nitaweka chakula, atakula, atanawa, atakwenda kwa ng'ombe. Nilikuwa nimefiwa na mama, na baba yuko hai mbele yangu nimemkosa. Hakuna kitu nilichokitaka duniani zaidi ya yeye kuniambia hata "leta chumvi".

Basi nikaifuta. Nilikaa mezani kwangu, nikaitoa mtandaoni, nikaifuta kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye diski pamoja na vipande vyote vya siku zile za kupiga picha. Nilifanya hivyo ili baba anisemeshe. Lakini niseme na la pili, maana nimeamua kusema yote: nilikuwa nimeshaanza kuamini. Kila nikifumba macho namwona chini ya lile shuka, nasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia, mama usitikisike, tunarudia. Niliona nikiifuta labda nitakuwa nimefuta na nilichofanya.

Wenzangu walinijia juu. "Umerukwa na akili?" Hakuna mwingine aliyekuwa na nakala, mimi ndiye nilikuwa mwekaji wa kila kitu. Mmoja wao aliwahi kuweka kile kicheko kwenye status ya WhatsApp, ikakaa siku moja ikaondoka kama zinavyoondoka zote.

Nilipanga kumwambia baba uso kwa uso. Lakini kila nikifika, shikamoo, marahaba, naye ameshakwenda kwa ng'ombe. Nikasema nitangoja aulize.

Akauliza. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, nakusanya vyombo. Akanionyesha kigoda kwa kidole.

"Kaa."

Nikakaa, vyombo bado nimevipakata.

"Watu wanasema alicheka."

"Ndiyo, baba. Alicheka."

"Kila ninakokwenda wananiambia. Mnadani wananiambia. Padri naye ameniambia. Mimi peke yangu ndiye sikumwona. Nionyeshe."

Niliweka vyombo chini. Nilimwambia nimeifuta, nimeifuta kila mahali, kama alivyosema. Nilimwambia hakuna mwenzangu hata mmoja mwenye nakala. Baba akanitazama, mdomo wake uko wazi kidogo.

"Wewe," akasema, "tangu lini ukanisikiliza?"

Hakusema kwa hasira. Angenipiga kofi ningeshukuru. Nililia pale kwenye kigoda kama mtoto aliyevunja chungu, naye hakujua afanye nini na mikono yake, akaishia kuniondolea kuku waliokuwa wanadonoa vyombo.

Jumapili iliyofuata nilirudi na karatasi za maoni. Zilikuwa ndizo pekee zilizobaki za filamu ile, bahasha nzima, nyingine zina mafuta ya maandazi. Nikamwambia baba sina cha kukuonyesha, ila nina cha kukusomea. Akavaa miwani, ingawa msomaji ni mimi.

Nilisoma moja moja. Kila karatasi alikuwa na swali. Alilala upande gani? Shuka lilikuwa lile la kabatini? Mgambo alimwangukia kwa uzito wote, hakumuumiza? Nikasoma moja iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Maiti ni mzuri. Ana mume?"

"Nani kaandika?" baba akauliza kwa ukali.

"Hawakuandika majina, baba."

"Mshenzi," akasema, na ndevu zake zikacheza. Sikuwa nimeona hivyo tangu msiba.

Ndipo ikaja ya mtu aliyechukia kweli kweli. "Mwisho mmetutapeli. Saa nzima tunatafuta muuaji, kumbe hakuna muuaji!" Nikataka niipite, imenichosha hiyo, walikuwa wengi waliosema hivyo. Baba akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Hakuna vipi?"

Nikamweleza. Yule mama tajiri alikabwa na mwiba wa samaki. Mgambo anakuja kuuona mwishoni, wakati watu wote wameshasingiziana, wamevuana nguo hadharani, wameapizana.

"Na mpishi?"

"Mpishi ndiye waliyemkalia kooni kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyemwekea sahani. Lakini hakufanya kitu. Alimpikia tu, baba. Alikuwa anampenda."

Baba akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, akaiangalia, akaifuta tena. Ng'ombe mmoja alikuwa analia zizini na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba anasikia ng'ombe analia asiinuke.

"Ulikuwa unafikiri mimi nasema umemuua," akasema.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Hukumuua mama yako." Akanishika bega, mkono mzito, mkavu. "Hukumuua. Ila kile kicheko, mwanangu, ungeniachia."